George Jones, jamaa wa "He Stopped Loving Her Today" aliachia nini kupenda?

mwana_wa_langoni (Lamu)
Salaam alaikum wakuu. Marehemu babangu alikua na kaseti ya George Jones, yule mwimbaji wa country wa Marekani, kila jioni lazma aiweke barazani, sisi watoto hatufahamu kitu ila twaimba tu. Ikifika pale anapoacha kuimba na kuongea, mzee atunyamazisha wote. Sasa wiki ijayo kuna harusi na vidio nashughulikia mimi, nikasema huo wimbo niuweke mwisho maana sauti tamu halafu nilivyoelewa jamaa kachoka kupenda asipopendwa, leo ameamua basi. Binamu yangu kaniambia wee usithubutu. Kwani una kisa gani?

kaseti_ya_maweni (Malindi)
😂😂 binamu amekuokoa ndugu yangu. Huyo hakuamua kuacha, AMEKUFA. Alimwambia mwanamke nitakupenda mpaka nife na kweli akatimiza. Picha ya yule bibi alibaki nayo ukutani, barua za 1962 kila penye "nakupenda" kapiga mstari mwekundu, na lile shada la maua mlangoni kwa Wamarekani maana yake hapo pana msiba. Pale anapoongea ndo bibi amekuja kumuona mara ya mwisho, jamaa keshakua maiti. Utawekea nani harusini hiyo

Na Jones mwenyewe hakuutaka, aliona una huzuni mno hautauzika. Pombe nazo zilikua zimemkalia, kuimba anaweza lakini akiongea ulimi wajikunja, yale maneno machache ya kuongea ndo yalochelewesha kazi, alisimulia mwenyewe baadae kua ilichukua kama miezi 18 kwa wimbo wa dakika tatu na kitu. Tena alikua akiteleza kwenye sauti ya wimbo mwingine, Help Me Make It Through the Night, prodyuza Billy Sherrill kazi kumrudisha tu. Ukatoka 1980, ukashika namba moja kwenye chati za country, akapata na Grammy.

bi_shela
Mi najua alimuimbia Tammy Wynette, mkewe aliyeachana nae 1975

kaseti_ya_maweni (Malindi)
Hapana dada, hakuutunga yeye, watunzi ni Bobby Braddock na Curly Putman. Ila mtu keshaachwa ukimpa maneno kama yale kinywani, nani atauliza katunga nani? Hata alipokufa Jones 2013, mwimbaji mwenzake Alan Jackson aliuimba huo huo mazikoni kwake.

mwana_wa_langoni (Lamu)
Lahaula. Nimeutoa, nimetia taarab. Halafu nimempigia mama nikamhadithia nikidhani atacheka, kanyamaza weee, mwisho kaniambia "nalijua, alikua na mtu wake Malindi kabla yangu, alikufa ungali mdogo, kaseti alinunua wiki ile"