Naomba ushauri: Crohn, prednisoloni miligramu 25, tusubiri au tupasue?

Salaam wakuu, hasa wapasuaji na wataalamu wa utumbo.

Mgonjwa ana miaka 34, ana Crohn (uvimbe sugu wa utumbo) ya mwisho wa utumbo mwembamba, pamebana na chakula kinapita kwa shida. Yuko kwenye prednisoloni, yaani steroidi, miligramu 25 kwa siku, wiki ya 9 sasa, pamoja na azathioprini ya kutuliza kinga ya mwili. Infliksimabu, nayo ya kutuliza kinga, ya mwisho alipewa wiki 5 zilizopita. Albumini (protini ya damu) ni gramu 27 kwa lita, iko chini, uzito umeshuka kilo 8. CT ilionyesha jipu la sentimita 4. Usaha umetolewa kwa mrija, antibayotiki zinaendelea.

Azathioprini hainisumbui, na kwa infliksimabu peke yake nisingeahirisha. Kinachonitisha ni steroidi: miligramu 20 au zaidi kwa zaidi ya wiki 6, ukijumlisha lishe duni na usaha, maungio ya utumbo yanaweza kuvuja. Kuikata steroidi ghafla nako ni hatari, tezi za juu ya figo zinazotengeneza steroidi ya mwili zimeshalala.

Tumeanza lishe ya kimiminika pekee na kupunguza miligramu 5 kila wiki. Heparini ya kuzuia damu kuganda anachomwa.

Akikwama kwenye miligramu 15 huku albumini haijafika 30, mngeunganisha utumbo palepale au mngeweka stoma ya muda kwanza (tundu la tumboni la kutolea kinyesi)?

Na siku ya upasuaji, mnatoa haidrokotisoni (steroidi ya sindano) miligramu 100 wakati wa kuanza nusukaputi kisha 200 kwa saa 24, au mnabaki na dozi yake ya kila siku? Hapa timu yetu imegawanyika kabisa.