Naomba ushauri: Malta wikendi moja mwezi wa pili, kisiwa cha Gozo kiingie au kiachwe?

Wakuu, habari za humu. Mpango ni Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, watu wawili, mabegi ya mkononi tu, tukitokea Ujerumani. Viza si tatizo, kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen kinatosha.

Jumamosi ni Valletta, mji mkuu, maana Kanisa la Mtakatifu Yohana halipokei watalii Jumapili. Hypogeum ya Ħal Saflieni (makaburi ya kale ya chini ya ardhi) inaingiza watu 10 tu kwa zamu, kwa hiyo tiketi yake inakatwa mapema mtandaoni.

Kinachonitatiza ni Gozo Jumapili. Boti ya kasi kutoka Valletta hadi Mġarr, bandari ya Gozo, ni kama dakika 45, lakini upepo mkali ukivuma safari zinafutwa. Feri kubwa ya Ċirkewwa, bandari ya kaskazini mwa Malta, huvuka kwa dakika 25 hivi na huvumilia mawimbi zaidi, ila basi la kufika huko linakula muda, na jua linazama kabla ya saa kumi na mbili. Ġgantija (mahekalu ya kale) na Cittadella (ngome) zinatosha kwa siku hiyo moja, au tuhamie Gozo kuanzia Jumamosi usiku?

Pia malazi. Nyumba za mawe ya chokaa hushika unyevu, baridi ya ndani huweza kushinda ya nje. Nimuulize mwenye nyumba kama kiyoyozi kinachopasha joto kipo hadi chumbani, na umeme unalipwa kando? (Soketi ni za pini tatu kama za kwetu Bongo, adapta za plagi za Ujerumani tunabeba.)

Waliowahi kwenda kipindi hicho, nisaidieni.