Huyu bwana wa ratiba kanifutia meseji MBELE YANGU huku anakula muhogo

Kibarua wa Chanika

Wakuu, nyie salimianeni wenyewe, salamu yangu nimeiacha getini.

Simtaji mtu na sina haja ya kumtaja. Yeyote aliyewahi kushusha hata katoni moja kwenye magodauni ya Barabara ya Nyerere hapa Dar es Salaam, kuanzia Tazara mpaka Kipawa, anamjua. Yule bwana wa ratiba. Yule wa reflekta iliyofubaa, hata ummulike na taa ya treni haiakisi kitu. Kalamu iko sikioni mwaka wa tatu sasa, hakuna aliyewahi kumuona anaandika.

Jana saa tano na dakika arobaini usiku nimeshalala, simu inalia. Kundi la vibarua. "Kesho 7." Basi, imeisha hiyo. Hakuna asubuhi, hakuna mchana, hakuna nani na nani. Saba imesimama peke yake kama mlingoti wa bendera.

Sasa 7 ya huyu bwana Mungu ndiye anaijua. Wiki iliyopita aliandika 7, nikaenda saa saba mchana, akanitazama kama mzimu: "Umechelewa masaa sita, wenzako wameshashusha makontena mawili." Kumbe ilikuwa saba ya Kizungu, yaani saa moja asubuhi. Nikasema sawa, nimeelimika. Leo nimeamka saa tisa na nusu usiku. Naishi Chanika mimi, jogoo wa jirani alinitazama akadhani mwizi. Boda elfu mbili mpaka stendi, daladala nimesimama mguu mmoja, mguu wa pili sijui nilisimamia wa nani. Saa moja kasoro kumi niko getini na buti zangu. Mlinzi anacheka: "Leo ni saba ya Kiswahili."

Nikakaa chini ya mwarobaini. Masaa SITA. Nimeujua ule mti tawi kwa tawi. Saa sita mchana likaingia kontena la futi 40, nimeliona kwa macho haya, wakaitwa vijana wapya ambao hata kupanga katoni kwenye paleti hawajui, wanapanga kama wanajenga kichuguu.

Saa saba kamili nikamfuata. Amekaa juu ya paleti tupu, mihogo ya kukaanga iko kwenye gazeti, chachandu pembeni. Nikampa shikamoo, mtu nimemzidi miaka miwili. "Marahaba. Nani kakuita?" Na muhogo mdomoni. Nikatoa simu, nikafungua kundi, nikamuonyesha: "Kesho 7", na jina lako hili hapa juu.

Wakuu. Akaitazama. Akachukua simu YAKE, kwa mkono uleule wa muhogo, kidole gumba kina chachandu, akaibonyeza ile meseji akaishikilia, akafuta kwa wote. Mimi nimeshika simu yangu, naiona meseji inayeyuka kiganjani. Kisha akalamba kidole. Akauliza, "Iko wapi?"

IKO WAPI!

Nimezeeka miaka kumi palepale. Siku bila mzigo haina hela, hilo tulishazoea. Elfu kumi na mbili yangu ya kutwa imekwenda, nauli imekwenda, hayo nameza. Lakini alilamba kidole kwanza. Angefuta tu ningesema mtu ana haraka zake. Alilamba, akameza, ndipo akauliza iko wapi.

Naomba ushauri. Atakayeniambia nijiajiri tusijuane.

Tumbo Joto

Nimekaa paleee na kipande changu cha muhogo. Endelea mkuu.

Paleti Tupu

Ni yule anayeita kila mtu "kijana" hata mzee wa miaka hamsini?

Kibarua wa Chanika

Huyo huyo.

Paleti Tupu

Basi pole sana, una bahati. Mimi siku ya harusi ya mdogo wangu aliniambia kaa standibai. Nimekaa standibai ukumbini. Picha zote za ukoo mimi niko nyuma ya bibi harusi na buti za chuma na reflekta. Hakunipigia. Mpaka leo wifi anawaambia watu mimi ni mlinzi wa ukumbi.

Fundi Mdogo

Skrinishoti hukupiga? Mtu mzima unaenda kudai haki yako na ushahidi uko kwenye simu ya mshtakiwa. Umeyataka.

Binti Ukonga

Kaka zangu nyie mnalia na kuitwa, sisi wa kubandika lebo tunalia na kuachiwa. Tunaambiwa tutatoka saa kumi na mbili jioni. Saa kumi na moja na nusu anapita, "Dada zangu, kuna mzigo mdogo tu umebaki." Mzigo mdogo wenyewe lori zima la sabuni. Tunatoka saa sita usiku, gari hakuna, tunachangishana boda mishikaki watatu. Mwanangu alishaanza kumuita jirani mama. Na huyo bwana anatuita "dada zangu" kwa sauti ya mchungaji, ukiisikia tu jua leo umelala huko.

Tumbo Joto

Anakula nini wakati anawaambia?

Binti Ukonga

Karanga.

Mzee wa Vifungu

Ndugu mleta mada, tuache utani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iko wazi. Kawaida masaa hayazidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi, na masaa ya ziada ni mara moja na nusu. Mgogoro peleka CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ila wahi, siku za kufungua shauri zinahesabika.

Fundi Mdogo

Asilimia 5 ya nini mzee wangu? Ya mwarobaini?

Paleti Tupu

CMA wakimuuliza ushahidi uko wapi atasema umelambwa.

Mzee wa Vifungu

Cheka tu. Na kumsubirisha mtu masaa sita bila malipo

Mzee wa Vifungu

Samahani, niliguswa mkono. Nilikuwa nasema hilo nalo linajadilika.

Kamau wa Geti

Salamu kutoka Nairobi. Ati nyinyi mnatumiwa meseji? Nyinyi ni wafalme. Hapa Industrial Area tunapanga foleni nje ya geti saa kumi na moja alfajiri, baridi imekukunja kama chapati. Supavaiza anatoka, hasalimii: "Wewe, wewe, na wewe wa sweta." Geti linafungwa. Nikanunua sweta ya rangi ya chungwa, ile ya kuonekana hata na ndege. Kesho yake akatoka, akaangalia, akasema leo hataki watu wa sweta.

Kibarua wa Chanika

Kaka Kamau pole, lakini huyo hajakufutia kitu mbele ya macho yako. Mimi nimeiona ikiyeyuka. Halafu akalamba.

Ughaibuni Sio Kwetu

Mimi niko Northampton, Uingereza, godauni kubwa mpaka ukitumwa upande wa pili unaaga. Mkataba wangu ni wa saa sifuri. Maana yake wakala halazimiki kukupa hata saa moja, na wewe eti hulazimiki kukubali. Kataa mara mbili uone simu itakavyokuwa bubu. Novemba na Desemba unaitwa mpaka unajificha chooni. Januari kimya kama makaburini. Juzi niko kwenye basi, nje giza, mikono imeganda, programu ya simu ikatetemeka: shifti imeghairiwa. Nikashuka, nikavuka barabara, nikasubiri basi la kurudi. Hakuna hata mtu wa kumkasirikia. Nyie angalau mnamuona anakula.

Kibarua wa Chanika

Ndugu yangu, kumuona anakula ndiyo kesi yenyewe.

Kuku Chotara

Mkuu achana na vibarua. Chukua vifaranga mia, banda la mbao, miezi minne unaongea lugha nyingine.

Fundi Mdogo

Amekuja wa kujiajiri. Tulikuwa tunamsubiri.

Binti Ukonga

Mia nilifuga mimi. Kikapita kideri, wiki moja nimebaki na banda.

Kuku Chotara

Hukuchanja.

Binti Ukonga

Ningechanja saa ngapi? Nilikuwa nabandika lebo usiku wa manane!

Mtu wa Haki

Mimi simjui mtu hapa na simtetei mtu. Ila muwe mnaelewa. Kontena likiwa bandarini anayeamua saa si yule wa ratiba. Forodha bado hawajaliachia, dereva kaambiwa subiri, tajiri anapiga simu kila nusu saa anauliza vibarua wako wapi. Ukiwaita ishirini mzigo usipokuja, lawama. Ukiita watano yakija makontena matatu, lawama. Naye ni binadamu, ana njaa, ana haki ya kula mihogo yake kwa amani.

Tumbo Joto

Hebu subiri.

Paleti Tupu

Akaunti imefunguliwa leo. Chapisho la kwanza.

Fundi Mdogo

"Mihogo YAKE." Kijana, karibu jukwaani.

Binti Ukonga

Shikamoo bosi. Kesho 7 ipi?

Mtu wa Haki

Nimesema simtetei mtu. Na kuna watu humu wanachelewa masaa sita halafu wanakuja kulia mitandaoni.

Kibarua wa Chanika

MASAA SITA! Wakuu nani mwingine anaijua hesabu hiyo?

Mzee wa Vifungu

Uliitaja wewe mwenyewe hapo juu, ndugu. Tusihukumu bila

Kamau wa Geti

Mzee, mkono umeguswa tena?

Mtu wa Haki

*Chapisho hili limefutwa na mwandishi.*

Paleti Tupu

KAFUTA!

Tumbo Joto

Kafuta wakuu hahahaaa! Lilikuwa limeandikwa nini? Mimi nilikuwa nanawa mikono.

Fundi Mdogo

Sikuwahi kulisoma, lilikaa sekunde tano. Ila hakika kidole kilikuwa na chachandu.

Binti Ukonga

Hata lile refu la forodha naye kaliondoa. Angalieni juu.

Paleti Tupu

Bado lipo dada, shusha kioo chako.

Kibarua wa Chanika

Sasa mmeona? Ndivyo ilivyokuwa. Ndivyo hivyohivyo, ila mimi nilikuwa nimesimama naye uso kwa uso, natoka jasho la Chanika. Turudi kwenye mada: nifanye nini? Simu yangu haijalia tangu saa saba, na kwenye kundi nimeandika "Bosi kesho vipi" zimeonekana tiki za bluu arobaini, hakuna hata wa kuguna.

Kamau wa Geti

Samahani ndugu, swali nje ya mada. Hiyo chachandu ni nini? Ni kama pilipili ya kusaga?

Tumbo Joto

Kaka Kamau umeuliza la maana. Nyanya, kitunguu, pilipili, ndimu, unachanganya, isiwe na maji mengi. Pale nje ya godauni kuna mama anaitengeneza, mimi ningefanya kazi bure.

Ughaibuni Sio Kwetu

Msinifanyie hivyo. Huku muhogo unakuja umeganda kwenye mfuko, ukiukaanga unatoa machozi.

Fundi Mdogo

Muuza muhogo wa Tazara hamfikii yule wa Vingunguti machinjioni. Vipande vinene na ndani unga.

Paleti Tupu

Vingunguti anakaangia mafuta ya juzi.

Fundi Mdogo

Wewe uliyevaa buti harusini ndiye wa kutufundisha usafi?

Kibarua wa Chanika

Wakuu, mimi bado niko hapa.

Binti Ukonga

Yule mama wa godauni alihamishwa, siku hizi yuko ng'ambo ya barabara, chini ya nguzo. Mia tano vipande viwili. Chachandu omba mwenyewe, asipokujua hakupi.

Kamau wa Geti

Anafungua saa ngapi?

Binti Ukonga

Saba.