Sportster 883 iliyotumika au Meteor 350 mpya? Niko Malindi

MjaBarani
Salaam wakuu. Nimeendesha Boxer miaka sita, sasa mgongo na roho vyote vinaomba mabadiliko. Nataka krusa, zile pikipiki nzito za kukaa chini na kunyoosha miguu mbele. Kuna Mtaliano huku Casuarina anauza Harley Sportster 883, nyeusi tii, watu wakipita wanasimama kuitazama. Upande wa pili kuna Royal Enfield Meteor 350 mpya, hiyo ni ya kuagiza Nairobi. Nilikuwa nimeshakata shauri la Harley, halafu nikasoma kwamba kampuni yenyewe imepunguza aina za pikipiki inazotengeneza na hiyo 883 wameshaiacha. Nikinunua kitu ambacho mwenyewe ameacha kukitengeneza si nitabaki na sanamu uani? Nisaidieni, Mtaliano anarudi kwao mwisho wa mwezi.

FundiNgala
Ya mwaka gani? Kilomita ngapi? Bei? Logibuku iko kwa jina la nani? Aya nzima na hukusema hata kimoja.

TangaMjini
Na safari zako ni za wapi? "Nataka krusa" ni kama kuingia sokoni ukasema "nataka samaki".

MjaBarani
Samahanini. Ya 2011, kilomita 31,000. Anataka laki saba lakini anaonekana atashuka. Safari ni Malindi na Mombasa, mara mbili tatu kwa mwezi. Logibuku sikuuliza.

FundiNgala
Hukuuliza! Umeangalia rangi, umeangalia kiti, umeangalia watu wanaosimama kutazama, logibuku hukuuliza.

TangaMjini
Logibuku ndiyo kadi? Huku kwetu ni kadi.

FundiNgala
Ndiyo hiyo. Usituhamishe.

Kaskazi74
Tuweke logibuku pembeni kidogo, maana swali la kijana lina maana. Ni kweli Harley wamekata. Julai 2020 walitangaza kupunguza aina walizopanga kwa asilimia 30. Aliyekuwa usukani ni Jochen Zeitz, Mjerumani yule wa Puma zamani, wale wa viatu vya michezo, ambaye ana hifadhi yake ya Segera hapo Laikipia. Kwa hiyo mtu aliyeshika mkasi ni jirani yetu kwa namna fulani, ukitaka kulalamika unajua pa kuanzia.

Lakini hakuanza yeye. Harley ya aina ya V-Rod iliondoka 2017. Dyna nazo mwaka huohuo, wakaziunganisha na aina yao nyingine, Softail. Street 500 na 750, zile ndogo walizokuwa wakiziunda India, hazikufikisha hata miaka kumi, na mwaka 2020 wakafunga kiwanda chao cha India kabisa.

Sasa hiyo 883 yako ni kisa tofauti. Haikuondolewa kwa kukosa wanunuzi. Injini ile ya Evolution inapozwa kwa upepo tu, na sheria za moshi za Ulaya zilipobana, Euro 5, ikashindwa kupita. Ulaya wakaacha kuiuza mwisho wa 2020, Marekani ikaendelea mpaka 2022. Walioingia badala yake, Sportster S na Nightster, wanapozwa kwa maji na ni mashine nyingine kabisa, jina tu ndilo limerithiwa.

Evolution iliingia kwenye Sportster mwaka 1986. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi ya spea zilizosambaa duniani. Gasketi na vyombo vya klachi vinatengenezwa na watu wengine tele, si Harley peke yao. Mimi ningeogopa V-Rod au Street. Hii nisingeiogopa kwa sababu hiyo.

MwanaSabaki
Yamaha DragStar 650. Nimemaliza.

FundiNgala
Kila uzi wewe DragStar. Mtu akiuliza friji utamwambia DragStar. Na Yamaha wenyewe wameiacha!

MwanaSabaki
Wameiacha, lakini ina shafti. Haina cheni ya kupaka mafuta, haina mkanda wa kuingia changarawe. Hiyo Harley inazungushwa kwa mkanda. Apite nayo njia ya Mayungu siku moja, kijiwe kimoja kiingie baina ya mkanda na puli, halafu aje atuambie.

Kaskazi74
Hapo una hoja. Mkanda ule kwenye lami unakwenda miaka na miaka bila kuguswa. Kwenye changarawe uukague kila ukirudi nyumbani, na kuubadilisha si kazi ya dakika kumi kama cheni ya Boxer.

ShemejiWatamu
Ngojeni niwaambie yaliyonipata, maana nyote mnaongea kama watu ambao hawajawahi kulala na pikipiki mbovu.

Nilinunua krusa, chapa siitaji, wala duka la Mombasa lililoniuzia silitaji. Ilikuwa modeli iliyotengenezwa miaka mitatu hivi, ikatupwa. Niliambiwa "spea zipo, ondoa wasiwasi". Miezi minne raha mustarehe. Siku moja natoka Ngomeni, magharibi inaingia, nimeshapita Mambrui, ikazima. Haikukohoa, haikushtuka, ilizima tu kama taa ya stima. Nikaisukuma mpaka karibu na daraja la Sabaki, jasho linanitoka mpaka kwenye viatu, vijana wa boda wananipita wanapiga honi na kunipa pole. Kijana mmoja akanivuta na kamba mpaka mjini, nikampa mia tano na akakataa chenji ya maneno niliyokuwa nikimpa ya shukrani, alikuwa na haraka.

Fundi wa kwanza akasema plagi. Wa pili akasema koili. Wa tatu alikuja na mashine ya kusoma hitilafu, akasema sensa ya krenki. Haya. Duka likasema wiki mbili. Zikaja tano. Kifaa kikafika ndani ya boksi zuri, kimeandikwa modeli ileile na mwaka uleule. Tukafungua: plagi yake ina pini tatu, yangu ina pini mbili. Kumbe katikati ya mwaka walibadilisha, na ile ya pini mbili ilikwisha duniani, labda mtu awe nayo stoo. Duka likasema kimeshafunguliwa, hakirudi.

Nikatafuta kwenye mtandao, nikapata moja Ujerumani iliyong'olewa kwenye pikipiki ya ajali. Ushuru na usafirishaji vilizidi bei ya sensa yenyewe. Jumla miezi minane. Mwezi wa sita kuku wa mke wangu alikuwa anatagia juu ya kiti. Sisemi kwa mfano, nilikuta mayai manne, na mke wangu akanikataza kumfukuza mpaka aangue.

Kwa hiyo nikisikia "modeli imeachwa" nywele zinanisimama.

TangaMjini
Vifaranga wangapi?

ShemejiWatamu
Watatu. Mmoja alichukuliwa na mwewe.

Kaskazi74
Pole sana shemeji, lakini kisa chako kinathibitisha nilichosema. Yako ilitengenezwa miaka mitatu. Hii ni zaidi ya thelathini. Hata kampuni nzima ikifa si lazima uachwe jangwani: Polaris walipotangaza kuifunga Victory, chapa yao ya pikipiki, Januari 2017, waliahidi kuendelea kutoa spea kwa miaka kumi.

ShemejiWatamu
Kuahidi. Na mimi niliahidiwa.

FundiNgala
Niseme kama fundi, maana nyinyi mnazungumza historia. Pikipiki zote ninazozifungua hapa ni milimita: nane, kumi, kumi na mbili, kumi na nne. Harley za zama hizo bolti zake nyingi ni za inchi. Aliwahi kuja mtu na moja, kazi ndogo tu, kukaza kifuniko. Spana ya 11 haiingii, ya 12 inateleza. Kumbe ni 7/16, ambayo ni milimita 11 na chembe. Mwingine angelazimisha ya 12, pembe za bolti zikaliwa, na hapo ndipo pikipiki nzuri inapoanza kuharibikia mikononi mwa watu. Mimi nilimrudisha. Kwa hiyo ukinunua, nunua na seti ya spana na alenki za inchi, uniletee pamoja na pikipiki. Meteor ni milimita, hata kijana wangu wa mazoezi ataifungua.

MjaBarani
Hili la spana ndilo sikulijua kabisa. Ahsante fundi. Na Meteor yenyewe mnaionaje? Wote mmeishambulia au kuitetea Harley.

Kaskazi74
Meteor ilikuja Novemba 2020 kuchukua nafasi ya Thunderbird, kwa hiyo usidhani Enfield hawakati. Mwaka huohuo waliizika na Classic 500. Meteor ni cc 349, nguvu za farasi 20 na kidogo, kilo 191. Harley inapita kilo 250. Boxer yako ni nusu ya hapo. Siku ya kwanza ukiisimamisha kwenye mchanga wa Silversands ndipo utajua hesabu hii ina maana gani.

MwanaSabaki
Farasi 20 kwenye barabara ya Kilifi, nyuma yako basi la Tahmeed... sisemi kitu.

Kaskazi74
Barabara ile ina matuta mangapi kutoka Gede mpaka Mtwapa? Hizo nguvu utazitumia wapi? Na kama Harley ni ile 883 inayoitwa Iron, springi za nyuma zinacheza kama sentimita nne tu. Kila tuta utalihesabu kwa uti wa mgongo. Kijana alisema mgongo unamuuma, jamani.

Mwanamisi_K
Nimesoma toka juu, nina swali moja. MjaBarani, unapakia mtu?

MjaBarani
Mke wangu. Kwao ni Mtwapa, ndiyo safari zenyewe.

Mwanamisi_K
Iron 883 inatoka kiwandani na kiti cha mtu mmoja na haina hata pa kukanyagia abiria. Mkeo ameshaiona?

MjaBarani
Bado.

FundiNgala
Hahaha! Posti ya ishirini ngapi hii, ndiyo tunaambiwa kuna mke.

Mwanamisi_K
Kiti cha wawili kinanunuliwa na vikanyagio vinafungwa, si mwisho wa dunia. Ila ni pesa nyingine juu ya laki saba, pamoja na hizo spana za fundi. Na kaka yangu, mimi ndiye ninayekaa nyuma kwetu, nakwambia: saa mbili juu ya mto mdogo wa nyuma na springi za sentimita nne, atafika kwao na hatataka kurudi.

AmuNdiaKuu
Nawasoma kutoka Lamu nacheka. Krusa yetu huku ina miguu minne na masikio marefu, mfano wa zamani sana na bado hawajauacha. Spea hazina shida.

TangaMjini
Lakini boda si zimejaa huko siku hizi?

AmuNdiaKuu
Usinikumbushe. Kichochoro cha punda wawili kupishana, mtu anaingia na pikipiki na honi. Ila nina la maana pia: chumvi. Hiyo Harley imekaa Casuarina, upepo wa kusi unaipiga miezi na miezi. Tazama kromu kwa chini, si kwa juu. Pitisha kidole nyuma ya ekzosi, na kwenye breki palipojificha. Juu kila mtu anapangusa akiuza.

FundiNgala
Kweli tupu. Na muulize anaiosha na maji gani. Wengi upande huo wanatumia ya kisima, nayo yana chumvi yake. Unaosha chumvi kwa chumvi. Maji ya bomba ya Baricho yakitoka au ya mvua ndiyo ya kuoshea.

MwanaSabaki
Yakitoka.

FundiNgala
Nimesema yakitoka.

MjaBarani
Nimempigia Mtaliano sasa hivi. Logibuku ni kwa jina la rafiki yake aliyesharudi Milano. Anasema tutto a posto, yaani kila kitu kiko sawa.

Mwanamisi_K
Ukiambiwa tutto a posto na karatasi iko Milano, shika pochi yako kwa mikono miwili.

Kaskazi74
Mwambie rafiki yake aanze kuihamisha kwenye mfumo wa NTSA, wale wa usajili wa magari, kabla hujatoa hata senti. Akiweza, ni dakika chache mtandaoni. Asipoweza, una jibu lako bila kuhitaji sisi.

ShemejiWatamu
Na uende asubuhi, umwambie asiiwashe kabla hujafika. Ukifika uguse injini kwanza. Ikiwa ya moto, ameshaipasha kukuficha jambo. Mimi yangu ilikuwa ya moto nilipokwenda kuiona. Nikasema jua.

MjaBarani
Nitakwenda Jumamosi na fundi akikubali. Na nimepiga simu Nairobi kuuliza Meteor, wamesema watanirudia. Mke nimemwonyesha picha zote mbili. Ameuliza ipi ina kiti kipana.

FundiNgala
Jumamosi nipo mpaka saa nne. Nauli ya tuktuk juu yako. Kuna mtu hapa ana tochi ndogo nzuri? Yangu imekufa.

MwanaSabaki
Mimi ninayo, pitia Maweni. Na kuna DragStar hapa jirani, haiuzwi lakini unaweza kuikalia tu uone.

TangaMjini
MjaBarani, hiyo Boxer je, unaiuza? Nina mdogo wangu Lunga Lunga anatafuta. Niambie bei kabla hujaitangaza kwingine.