Sungura wa watoto na viungo vya bustanini: wale kipi, wasile kipi?

MamaPacha_Moro

Habari za jioni wadau. Nipo Kihonda, Morogoro. Mjomba wa wanangu amewaletea sungura wawili, jike na dume (ndiyo, najua, fundi anamalizia banda la pili). Si wa kuchinja, ni wa kucheza nao, na dume ameshapewa jina la Waziri kwa sababu ya kitambi.

Nyuma ya nyumba nina bustani ndogo kwenye ndoo za rangi na viroba: mrehani, mnanaa, giligilani, rozimari, mchaichai, vitunguu majani na parsley kidogo. Watoto wameanza kuwachumia bila kuniuliza. Jirani mmoja ananiambia mnanaa utawaua, mwingine anasema ndiyo dawa ya tumbo, wa tatu anasema chochote kibichi chenye maji ni kifo. Nimsikilize nani? Na kiasi gani kinatosha? Kwa sasa wanakula pumba na mabaki ya mboga za jikoni.

MfugajiHuru

Huyo wa tatu ndiye anayejua. Majani nyausha kwanza juani, na yakiwa na umande usiwape kabisa. Nafuga tangu niko sekondari. Viungo sijawahi kuwapa, ni kuharibu mboga tu.

BibiWaSoni

Mama Pacha, hujambo mwanangu. Katika maelezo yako yote, mnanaa haukunishtua hata kidogo. Kilichonishtua ni pumba.

Sungura anategemea mfuko mkubwa ulioko kwenye utumbo wake wa nyuma, na humo wamo bakteria wanaochachusha nyuzinyuzi za majani. Ukimshibisha wanga wa pumba bila nyasi, hao bakteria wanavurugika, gesi inajaa, utumbo unasimama. Kutapika hawezi, hakuumbwa hivyo. Akifa, watu wanatafuta jani la mwisho alilokula wanalibebesha lawama. Mnanaa umesingiziwa mengi kwa njia hiyo.

Kwa hiyo nyasi kwanza, ziwepo bandani usiku na mchana, asizimalize. Meno yake hayaachi kukua maisha yote, na kinachoyasaga ni kule kutafuna nyasi. Nyasi ndiyo ugali, viungo vyako ni kitoweo. Pumba punguza kidogo kidogo, usikate ghafla, mpaka ibaki kiasi cha kuonja.

Sasa twende kwenye ndoo zako. Giligilani, mrehani na mnanaa ni salama, na kwa sungura mkubwa wa kilo mbili hivi, mchanganyiko wa kiganja kimoja kilicholegea kwa siku unatosha. Ila kama ana mimba au ananyonyesha, mnanaa mimi humwekea kando. Wafugaji wengi wa huku tunaamini unapunguza maziwa, na majani mengine yapo tele, ya nini kujaribu? Mchaichai ni nyasi kama nyasi nyingine, wape, wanaupenda, ukatekate tu maana makali yake unayajua. Rozimari ina mafuta makali, kijiti kifupi mara moja au mbili kwa wiki, na wengine hata hawaigusi.

Parsley ni nzuri lakini ina kalisi (calcium) nyingi, na mwili wa sungura hauchagui: hufyonza karibu yote anayokula, kisha inayozidi inatokea kwenye mkojo. Ukiona mkojo mzito mweupe unaoacha unga wa chokaa sakafuni, ujue umezidisha. Mchicha na majani ya mlonge nayo yahesabu humohumo.

Vitunguu majani ng'oa uviweke juu wasikofika watoto. Hivyo, na kitunguu maji, na saumu, vinaharibu chembe nyekundu za damu. Hapo hakuna "kidogo tu".

Na kwa kuwa ni watoto wanaochuma, mzunguke nao ua mzima uwaonyeshe vya kutogusa: majani ya nyanya, ya viazi mviringo, ya mparachichi, mnyonyo, mshubiri, lantana ile yenye vijiua vya machungwa na pinki, na mnyaa wa uzio unaotoa utomvu mweupe. Mwanangu, hili ndilo la kufanya kesho asubuhi kabla ya lingine.

Kitu kipya wape kimoja kimoja. Leo majani machache ya mrehani, kesho angalia kinyesi kabla ya kufagia. Kizuri ni punje za mviringo, kavu, ukiivunja unaona nyuzi za nyasi ndani. Kikiwa laini kimegandia makalioni, rudi kwenye nyasi tupu. Usichanganye na zile punje ndogo laini, zinazong'aa, zilizoshikana. Hizo huzila mwenyewe moja kwa moja kutoka nyuma, na ni afya yake. Watoto wakiona watapiga kelele, waache wapige.

Wakiwa hawajafika miezi mitatu, viungo subiri kwanza. Na fundi mhimize, mimba ya sungura ni kama siku 31 tu.

MfugajiHuru, tusigombane, ila maji si sumu. Mimi naosha majani, nayakung'uta, nawapa. Kinachoua ni yale majani mabichi yaliyorundikwa kwenye kiroba yakapata joto yakaanza kuchacha, au yaliyokatwa mahali panapochafuliwa na mbwa na sungura wengine. Ukiyaanika unaondoa shida hiyo, ndiyo maana kwako imefanya kazi.

MfugajiHuru

Sawa bibi, nimekusoma. Kuhusu kiroba sibishi. Lakini umande bado siwapi.

Kamau_wa_Kiambu

Shikamoo Bibi. Naongeza mawili kutoka upande huu. Dania (giligilani) ya sokoni mimi siwapi siku hiyo hiyo kama sijui ilikotoka, maana mingine imepigwa dawa ya wadudu juzi tu, na mingine imenyweshewa maji ya mtaro. Ya kwako mwenyewe kwenye ndoo ni bora mara kumi.

La pili, kuna watu watakuambia uwape lusina, ule mti wa malisho, kwa sababu ni ya protini. Ina kemikali iitwayo mimosini, ukiwazoesha kila siku wanaanza kupukutika manyoya. Mimi nanunua marobota ya nyasi kavu za Boma Rhodes, na msimu wa mvua nakata kishona nguo kikiwa kichanga. Hicho wanakifagia.

BibiWaSoni

Marahaba Kamau. Umenikumbusha: na mchunga. Mama Pacha, Morogoro mchunga umejaa kila kiwanja. Ni bure.

MamaPacha_Moro

Shikamoo bibi, na asanteni nyote. Vitunguu nimevipandisha juu ya tanki la maji. Nyasi wamewekewa, wanazila, Waziri analala juu yake. Ila leo asubuhi nimekuta mkojo wa jike ni mwekundu kama maji ya kutu, nimeogopa. Anakula na kurukaruka kama kawaida. Ni damu? Nina amoksilini ya watoto ndani, nimpe kidogo?

BibiWaSoni

Usimpe! Amoksilini na jamii ya penisilini kwa mdomo zinaua wale bakteria wazuri wa utumbo, na sungura anafuata. Ifungie kabatini.

Mkojo mwekundu mara nyingi ni rangi ya majani tu, hasa akibadilishiwa chakula. Tazama hivi: ikiwa rangi imeenea sawasawa kwenye mkojo wote na anakula vizuri, mpe siku moja mbili itapotea. Ikiwa ni madoa au michirizi ya damu iliyojitenga, au anajikamua na hakitoki kitu, huyo ni wa daktari. Vilevile akikataa chakula nusu siku, hajatoa kinyesi, amejikunyata anasaga meno na tumbo gumu, usingoje kesho. Uko Morogoro, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) wana hospitali ya wanyama, wengine tunasafiri kufika huko. Mbebe kwenye boksi lenye nyasi, na uchukue kinyesi chake kwenye karatasi, watakiuliza.