Mafundi na wauza injini wa Malindi: mpaka lini mtatufungia injini nusu kwenye Land Rover zetu za zamani?

Jamani, mchezo huu umetosha. Mtu ana Land Rover Series III, ile 88 fupi. Bodi nzima, chesisi haijaliwa na chumvi, ila injini ya petroli ya cc 2286 imechoka. Anakwenda kuulizia injini ya kisasa kidogo, swali la kwanza ni "una ngapi mkononi?" na la pili "wataka nguvu?" Hakuna anayelala chini ya gari kutazama difu (gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu), wala anayeuliza kama giaboksi itabaki ileile. Mwezi haujaisha, gari lapita Gede likilia kama kinu cha kusaga, mshale uko kilomita 80 kwa saa, na fundi ajibu: "Ndivyo zilivyo hizi."

Sivyo zilivyo! Difu ya gari hilo ina uwiano wa 4.7, gia ya juu ya transfa (giaboksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma) ni 1.148, na gia ya nne ni moja kwa moja. Kwa tairi za 7.50-16, ukiwa 80 injini yazunguka kama mara 2,900 kwa dakika. Ukiwa 100 ni kama 3,600. Sasa umemtilia mtu 5L, dizeli ya Toyota ambayo nguvu yake yaishia mizunguko 4,000, halafu wamwambia ataifikia Mombasa kwa raha. Raha gani?

Dawa yake inajulikana: difu za 3.54 kutoka Range Rover za kwanza au Discovery 1. Hapo kwa 80 mizunguko yashuka hadi kama 2,200. Lakini hesabu splaini, yale meno ya hafu shafti (mihimili ya magurudumu) yanayoingia kwenye difu, kabla hujatoa pesa, unataka za 10, kwa sababu gari za mwisho mwisho zilikuja na 24. Badilisha mbele na nyuma pamoja. Ukibadilisha moja tu, siku utakayotia foo-bai-foo hizo difu mbili zitavutana mpaka kitu kikatike. Na mwenye ile ndefu, 109, asidanganywe: nyuma nyingi zina difu ya aina nyingine, Salisbury, hiyo 3.54 haiingii humo.

Halafu kuna hawa wanaosukuma 1KZ-TE, dizeli ya Toyota yenye tabo, kila kona. Ni tamu, sikatai. Lakini nguvu yake ya kuvuta ni karibu mara mbili ya ile ya 2286, na giaboksi ya Series na hafu shafti zake hazikuundwa kwa mzigo huo. Zaidi ya hapo pampu yake ya dizeli yaongozwa na kompyuta, na hedi zake (vifuniko vya juu vya silinda) zina sifa mbaya ya kupasuka zikipata joto. Joto la hapa mwalijua. Ukiitaka 1KZ, chukua na giaboksi na transfa yake, ukubali kukata propela na kuhamisha mauntingi. Kama hutaki kazi hiyo, achana nayo.

Kwa gari la zamani linalobaki na giaboksi yake, mimi nasema 5L: cc 2986, haina tabo, pampu ni ya kimakenika, waya za kuiwasha zahesabika kwa vidole. Ndugu yake 3L ya cc 2779 pia si mbaya. 2L-T, ile yenye tabo, hata mkinipa bure sitaki, hedi yake ni ugonjwa.

Hata hiyo 5L mwaiuza vipande! Altaneta, ile inayochaji betri, inafunguliwa inauzwa pembeni, kisha mteja anapewa altaneta yoyote iliyokuwa kabatini. Altaneta ya 5L ina pampu ya vakyumu mgongoni. Dizeli haina kipepeo cha kuziba hewa kama kabureta, kwa hivyo manifoldi haitoi vakyumu ya kutosha ya busta, ile inayolainisha breki. Ukitoa pampu ile, gari lenye busta labaki na pedali ngumu kama jiwe, na fundi anaanza kubadilisha breki silinda ambayo haina kosa lolote. Tazameni kile kipaipu cha oili kinachoingia nyuma ya altaneta. Kama hakipo, hiyo si altaneta yake.

Sampu nayo, lile bakuli la oili chini ya injini. Ya Hiace si ya Hilux ya foo-bai-foo. Teremsha injini mahali pake, kandamiza springi za mbele mpaka mwisho, kisha pima nafasi kati ya sampu na difu. Kupima gari likiwa limesimama kwenye stendi ni kujidanganya.

Na bamba la kuunganisha injini na giaboksi, wallahi hapa ndipo ninapopandwa na hasira. Bati la milimita 10, matundu ya drili ya mkono, bolti zikikaza basi "imekaa". Bolti hazishiki senta, senta inashikwa na pini. Funga daili geji (kipimo cha mshale) kwenye flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya injini, zungusha ndani ya shimo la bamba, kupotoka kusizidi milimita 0.13. Ikizidi, klachi inatetemeka, beringi ya mbele ya giaboksi inaanza kulia, gia inaruka. Mteja analaumiwa kwamba hajui kuendesha.

Kabla ya kulipa, kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) ipimwe injini ikiwa imepata moto. 5L nzima hutoa karibu psi 455, chini ya 284 ni chuma chakavu, na tofauti ya silinda kwa silinda isipite 71. Anayekataa geji ana analoficha. Mkanda wa taimingi ubadilishwe siku hiyohiyo hata ukionekana mpya. Dai karatasi za forodha pia, kwa sababu namba ya injini na aina ya mafuta lazima zibadilishwe NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya.

Jibu 1: Ami, umesema kweli, lakini mbona umeipita 2TR-FE ya Toyota? Petroli, cheni badala ya mkanda, haina moshi.

Mwenye uzi: Sijaisahau, ndugu yangu. Tatizo ni vile inavyouzwa. Ile haina kebo ya mafuta, kwa hivyo lazima uje na pedali ya gari ilikotoka, kompyuta, waya zote bila kukatwa, ufunguo na kile kisikilizaji kwenye swichi kinachoutambua. Kukikosekana kimoja, haiwaki. Hapa yauzwa injini tupu, waya zimekatwa kwa msumeno. Ukipata kichwa kizima cha gari, yaani sehemu yote ya mbele na waya zake, chukua.

Jibu 2: Ongeza rejeta. Watu wanatia maji ya kisima ya chumvi halafu wanashangaa hedi ya aluminiamu imeliwa. Kulanti tu, ile dawa ya rejeta. Na feni iingie nusu ndani ya kava, si kuning'inia nyuma.

Jibu 3: Gari langu lilikuwa petroli, sasa ni 5L. Likipata moto linakosa nguvu na kusitasita. Ni nozeli zinazonyunyizia dizeli?

Mwenye uzi: Tazama mafuta yanayorudi kwanza. Tanki la petroli lina paipu moja tu, na mafundi wetu huunga ya kurudi kwa tii (kiungo cha umbo la T) kwenye ile inayokwenda kwenye pampu. Mafuta ya moto na viputo vya hewa vinazunguka hapohapo. Toboa juu ya tanki, ukiwa umelitoa na kulijaza maji kwanza lisije likalipuka, rudisha paipu mpaka ndani, kisha ndipo uanze kutafuta nozeli.