Trekta dogo kwa ekari 12: HP 24 ya hidrostati au HP 35 ya gia?

Mvunaji
Wakuu, habari za majukumu. Nahitaji ushauri kabla sijatoa pesa. Nina ekari 12 na nimebakiza matrekta mawili.

A: jipya, HP 24, hidrostati (mwendo unatoka kwenye pampu na mota ya oili, hubadili gia kwa klachi), 4WD, lina kijiko cha mbele.
B: lililotumika, saa 1,900 kwenye mita, HP 35, gia 8 za mbele na 8 za nyuma, 4WD, nalo lina kijiko.

Bei zimekaribiana. Lipi nichukue?

Fundi Spana
Mkuu, umetutajia injini tu. Trekta halichaguliwi kwa injini. Lete haya kwanza: udongo wako ni kichanga au mfinyanzi? Mteremko upo? Zana gani zitafungwa nyuma, na za upana gani? PTO ya kila moja, yaani shafti ya nyuma inayozungusha zana, inatoa HP ngapi? Kila moja lina uzito gani bila kijiko? Njia nyembamba kuliko zote unazopita ina mita ngapi? Bila hayo kila mtu atakushauri alipendalo yeye.

Bi Shamba
Chukua A, usihangaike. Kazi ya kijiko ni mbele, nyuma, mbele, nyuma, mara mia kwa siku. Kwenye hidrostati mguu mmoja unamaliza kila kitu, huna klachi ya kuunguza. Hata kukata majani kati ya miti, unapunguza mwendo bila kupunguza mzunguko wa PTO, kisu kinaendelea kukata vilevile. Kwenye gia, ukikuta kichaka kinene unalazimika kusimama na kubadili.

Jembe Zito
Dada, kwenye kijiko nakubaliana nawe. Kwenye kulima, hapana. Hidrostati hupoteza nguvu ndani ya pampu na mota yake, na nguvu hiyo hugeuka joto kwenye oili. Ukivuta plau kutwa nzima utaihisi tofauti.

Ila Mvunaji, swali la gia si la kwanza. La kwanza ni uzito. Mfano: John Deere 1025R ina HP 23.9, Kubota L2501 ina HP 24.8. Kwenye karatasi ni ndugu. Ya kwanza ina kilo 650 hivi, ya pili inavuka tani moja. Kwenye udongo mgumu ile nyepesi itazungusha tairi palepale wakati injini bado ina nguvu ya kubaki. Plau inavutwa na uzito uliokaa juu ya tairi. Injini huja baadaye.

Mvunaji
Asanteni. Ekari 4 ni za mahindi, ekari 3 miti ya matunda, zilizobaki ni majani na vichaka. Nataka plau, rotaveta (ya kusaga udongo), slasha (ya kukata majani na vichaka) na kuhamisha samadi kwa kijiko. Udongo ni mfinyanzi, sehemu ya miti ina mteremko. PTO ya A imeandikwa HP 18, ya B HP 30.

Fundi Spana
Tunaanza kuelewana. Uzito bado hujautaja, na "mteremko" haujanieleza kitu. Chukua ubao wa mita 1, uweke pimamaji juu yake, ncha moja iguse ardhi upande wa juu, kisha pima umbali kati ya ncha ya pili na ardhi. Sentimita 20 ni mteremko wa asilimia 20, yaani nyuzi 11 hivi. Sentimita 27 ni nyuzi 15, na hapo trekta dogo lenye kijiko lisipite kwa ubavu.

Kwa slasha, kadirio la haraka ni HP 5 za PTO kwa kila futi ya upana. Futi 4 zinataka HP 20, futi 5 zinataka 25. A yenye 18 itakata futi 4 kwenye majani laini, kwenye vichaka itabidi utambae. B itabeba futi 5 vizuri. Rotaveta kwenye mfinyanzi hula zaidi ya slasha: kwa HP 18 usivuke mita 1.2, na upite mara mbili, mara ya kwanza kina kifupi.

Na hakikisha unasoma HP ya PTO, si ya injini. Ile iliyobandikwa kwenye boneti ni ya injini.

Kilimani
Hapo kwenye kijiko na mteremko naomba nirefushe, kwa sababu ndiko matrekta ya kundi la A yanakoharibikia.

Kuna trekta la ukubwa huohuo lilipewa kazi ya kushusha mchanga mbichi kutoka juu ya kilima. Slasha ilikuwa imefunguliwa ili trekta ligeuke kirahisi, kwa hiyo nyuma palikuwa patupu. Lilikuwa linasukumwa na tairi mbili za nyuma tu, 4WD imetolewa ili lisichimbe njia. Kijiko cha lita 200 hivi kilijazwa pomoni. Mchanga mbichi, lita moja inakaribia kilo 2, kwa hiyo pale mbele palikuwa na karibu kilo 400. Loda nyingi za daraja hilo, yaani mikono inayobeba kijiko, huinua kilo 300 na kitu zikipimwa kwenye pini za kushikia kijiko, na mzigo ndani ya kijiko umekaa mbele zaidi ya pini, kwa hiyo uwezo halisi ni mdogo kuliko huo.

Lilipoanza kushuka, tairi za nyuma ziligusa ardhi kama unyoya. Sasa sikilizeni: kwenye matrekta madogo mengi breki ziko nyuma peke yake. Tairi za nyuma zikipoteza mshiko, huna breki. Dereva alikanyaga, tairi za nyuma zikasimama kuzunguka, trekta likaendelea kuteleza. Kilichomwokoa ni kushusha kijiko hadi kikakwaruza ardhi. Trekta lilisimama limekaa upande, ekseli ya mbele ikiwa imebeba kila kitu. Baada ya wiki mbili sili ya kitovu cha mbele upande wa kulia ikaanza kuvuja, na ilipofunguliwa, meno ya gia za koni yalikuwa yamekatika. Matengenezo ya ekseli hiyo yalikuwa makubwa kuliko thamani ya mchanga wote uliohamishwa mwaka mzima.

Makosa yalikuwa matatu kwa pamoja: nyuma patupu, 4WD imetolewa, mzigo kupita kiasi. Ukiweka 4WD, tairi za mbele zinafungwa na za nyuma kupitia shafti, kwa hiyo hata za mbele zinasaidia kusimamisha. Kushuka na mzigo bila 4WD ni marufuku. Na nyuma pawe na uzito kila unapotumia kijiko: boksi la zege kwenye lifti ya pointi tatu (mikono ya nyuma ya kufungia zana), au hiyo slasha yenyewe. Mzigo mzito, kichwa kielekee juu ya kilima, kijiko kiwe chini usawa wa goti.

Bi Shamba
Kilimani, umesema kweli, lakini kosa hilo lingetokea hata kwa B. Si hoja ya kukataa A.

Kilimani
Lingetokea, ila kwa kuchelewa. Tani moja na nusu haiinuki nyuma kirahisi kama kilo 650.

Tairi Bapa
Wote mmeruka tairi. Kama A lina tairi za R4, zile za viwandani zenye meno mapana, kwenye mfinyanzi uliolowa litateleza hata liwe na HP 50. Meno yanajaa tope halitoki. Ya kulimia ni R1, meno marefu yaliyoachana, tope linajirusha lenyewe. R4 hustahimili miiba na uzito wa kijiko, nakubali, lakini mfinyanzi ni mfinyanzi.

Njia rahisi ya kuongeza uzito ni maji ndani ya tairi za nyuma. Inua tairi, zungusha valvu iwe juu kabisa, jaza hadi maji yafike usawa wa valvu. Hapo umejaza robo tatu hivi, robo ya juu inabaki hewa. Pima upepo valvu ikiwa bado juu. Kila lita ni kilo 1, na uzito huo unakaa chini, trekta linatulia kwenye mteremko. Tairi za mbele usijaze, utaumiza ekseli bure.

Jembe Zito
Maji kwenye R1, sawa. Ila wanaoweka chumvi ya kalsiamu bila tyubu wanakula rimu zao. Kutu huanzia kwenye tundu la valvu.

Tairi Bapa
Ndiyo maana nimesema maji. Chumvi ni kwa sehemu zenye barafu.

Mota Mbili
Kwa ekari 4 za mahindi, kwa nini usichukue pawatila (trekta la tairi mbili la kushika kwa mikono) na fedha iliyobaki ukakodi trekta kubwa mara mbili kwa mwaka?

Jembe Zito
Ana samadi ya kuhamisha na vichaka vya kukata, mkuu. Pawatila haina kijiko, na kwenye mteremko ule kuishika ni mateso ya mikono.

Mota Mbili
Samadi hubebwa kwa tela. Pawatila inavuta tela.

Fundi Spana
Turudi kwenye mada. Mvunaji, B ni la mwaka gani? Nauliza kwa sababu ya chujio la masizi kwenye ekzosi. Sheria za moshi za Marekani na Ulaya hukaza kuanzia kilowati 19, ambazo ni HP 25 na ushei. Ndiyo maana matrekta mengi yamesimama kwenye HP 24 na pointi: yanakwepa chujio hilo. Kwa HP 35, mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani tangu 2013 yanalo. Si ugonjwa, lakini linataka injini ifanye kazi kwa moto mkubwa ili masizi yaungue. Mtu anayeliacha trekta linanguruma taratibu saa nzima akiongea na simu, analiziba chujio. Na linataka dizeli yenye salfa kidogo sana. Dizeli chafu italiua.

Ukienda kuliangalia, fuata hivi. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, kisha gusa injini. Ikiwa ya moto, kuna kitu anaficha kwenye kuwaka baridi. Liwashe: moshi mweupe kidogo kisha kupotea si neno, moshi wa bluu unaoendelea ni oili inaungua. Fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma taratibu. Pumzi zikisukuma mkono kwa nguvu, pete zimechoka. Chungulia oili ya hidroliki, ikiwa na rangi ya maziwa kuna maji ndani. Inua kijiko chenye mzigo, zima injini, subiri dakika 10 ukiwa mbali nacho, uone kinashuka kiasi gani. Klachi: eneo tambarare, hakuna mtu mbele, gia kubwa, breki zimekanyagwa, achia klachi taratibu. Injini ikizima, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma, imekwisha. Halafu angalia mpira wa pedeli. Saa 1,900 kwenye mita na pedeli imelika hadi chuma, mita hiyo usiiamini.

Muhimu zaidi, uliza PTO inawashwaje na kuzimwaje.

Mvunaji
Nimelikuta baridi, limewaka vizuri, oili safi. Kijiko kilishuka kama sentimita 3. Chujio la masizi halina. Lina fremu ya usalama ya kukunja na mkanda. Tairi ni R1. Uzito kwenye kibao ni kilo 1,380. Ila nikikanyaga klachi, trekta na PTO vinasimama pamoja. Ubao wa mita 1 umenipa sentimita 22 kwenye miti.

Fundi Spana
Sentimita 3 kwa dakika 10 kwa umri ule haitishi. Sentimita 22 ni nyuzi 12, unafanya kazi ya kwenda juu na chini, si ubavu. Fremu iwe imesimama na mkanda umefungwa. Ukilazimika kuikunja chini ya matawi, fungua mkanda, kwa sababu likipinduka hutaki kufungwa kwenye kiti kisicho na ulinzi.

Hiyo PTO ndiyo udhaifu wa B. Visu vya slasha vikiwa vinazunguka, ukikanyaga klachi vinaendelea kusukuma giaboksi, na giaboksi inasukuma tairi. Trekta linakwenda mbele mguu wako ukiwa kwenye klachi. Weka klachi ya upande mmoja, inayoruhusu trekta kuzungusha visu lakini si visu kusukuma trekta, kwenye shafti ya PTO kabla ya kukata jani lolote. Ni kipande kidogo, kinavaa juu ya meno ya PTO. Lakini kinaongeza urefu wa sentimita 10 hivi, kwa hiyo shafti ya slasha itabidi ikatwe.

Bi Shamba
A lina PTO inayojitegemea. Unabonyeza swichi, imekwisha. Naendelea kusema A.

Mvunaji
Shafti inakatwaje? Ya slasha yenyewe ni ndefu tayari.

Fundi Spana
Zima injini, toa ufunguo. Funga slasha, itenganishe shafti, kila nusu ivae upande wake. Inua na kushusha lifti hadi upate pale trekta na slasha zinapokaribiana zaidi. Shikilia nusu mbili sambamba, weka alama ili zikisukumwa mwisho ibaki nafasi ya milimita 25 au zaidi. Kata bomba la ndani na la nje kwa urefu sawa, na plastiki za kinga vivyo hivyo. Piga tupa ncha, futa vumbi la chuma, paka grisi. Halafu peleka lifti pale zinapoachana zaidi: mabomba yawe bado yameingiana angalau theluthi ya urefu. Ikipungua hapo, umeikata mno, shafti inaweza kuchomoka ikizunguka.

Jembe Zito
Na hiyo shafti iliyokatwa usiihamishie kwenye rotaveta. Kila zana na shafti yake.

Tairi Bapa
Kama slasha imelala msimu mzima, angalia na klachi yake ya kuteleza. Sahani hushikana kwa kutu, halafu ukigonga kisiki inapasuka giaboksi badala ya klachi kuteleza. Pima urefu wa springi, chora mstari wa rangi kwenye sahani zote, legeza nati, zungusha PTO sekunde 2 au 3, zima. Mistari isipoachana, zifungue uzisugue. Kisha rudisha springi kwenye urefu uleule.

Mvunaji
Mwenye A amekubali nilifanyie majaribio na slasha ya futi 4 kwenye vichaka vyangu. Bado sijaamua. Je, mnadhani R4 zake zinaweza kubadilishwa ziwekwe R1?

Tairi Bapa
Zinaweza, lakini kwa 4WD lazima ubadili zote nne kwa saizi zilizoorodheshwa na mtengenezaji. Mzunguko wa mbele na wa nyuma ukipishana uwiano, giaboksi na ekseli vinavutana. Tuandikie namba zilizopo ubavuni mwa tairi, za mbele na za nyuma.